Mizizi Iliyonyamaza

Jiwe la kwanza lilianguka juu ya bati saa mbili kasoro asubuhi, Inspekta akiwa amepiga magoti kando ya maiti. La pili halikukawia. La tatu lilivunja dirisha la ofisi, na kutoka nje ya geti zikapanda sauti za watu wengi wanaotaka kitu kimoja.

"Mtoeni! Mtoeni Kimya!"

"Wameanza, afande," alisema Koplo. Alikuwa pande la mtu, na wenzake walimwita Nyundo kwa sababu ya mikono yake.

"Gari la nyongeza liko wapi?"

"Limeharibikia njiani. Wanasema saa sita."

"Na hilo geti litafika saa sita?"

Koplo alilitazama geti, mabati mawili yaliyofungwa kwa mnyororo, yakitikisika kama jino bovu. "Hata saa nne halifiki."

Inspekta akarudi kwa marehemu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na hakuwa na tabia ya kuharakishwa na kelele. Aliyelala pale juu ya mbao, ukingoni mwa bwawa, alikuwa bwana shamba wa kituo cha kusafisha maji, mtu aliyependwa na mji mzima. Walimwita Bwana Mizizi. Mkono wake wa kulia ulivunjika mara mbili, vidole vimepondeka, maana alijikinga. Nyuma ya kichwa, juu ya sikio, fuvu lilibonyea, na katikati ya bonyeo palikuwa na alama ya mraba, kona nne safi, kama mtu aliyepigwa muhuri.

Lakini kitu cha kwanza alichokiona Inspekta hakikuwa jeraha. Lilikuwa sweta kuukuu la bluu, lililofunika miguu ya marehemu na kukunjwa vizuri chini ya visigino.

"Nani kaliweka hili?"

"Huyo huyo Kimya, mng'oa mimea wa mabwawani," alisema Koplo. "Muuza maziwa alimwona alfajiri kupitia uzio, anamburura marehemu kwa ule mti wake wa ndoana. Tulimkuta kifua wazi, damu hadi viwikoni. Namuuliza, ananiangalia tu. Nimempasua mdomo kidogo, labda maneno yatoke."

"Yametoka?"

"Jino limetoka."

Inspekta alimwangalia mpaka Koplo akaanza kujifuta ngumi kwenye suruali.

"Mtu akishakupondaponda fuvu," alisema Inspekta, "hakufuniki miguu usipate baridi. Usimguse tena."

Alichukua ule mti wa ndoana. Ncha yake ilikuwa kali kama jino la nyoka. Mti kama huo ungetoboa, usingebonyeza. Aligeuza kola ya ovaroli ya marehemu, akakuta palipochanika, nyuzi zake nyeupe kabisa, bila tone la damu. Ndoana ilimshika shingoni wakati damu imekwisha simama. Kimya alikuwa ameopoa maiti tu, basi.

Lakini nani angewaeleza hayo watu wa nje? Kwao kulikuwa na mambo mawili tu: kipenzi chao ameuawa, na ametupwa kwenye maji wanayokunywa.

*

Maji yenyewe yalitoka juu, kwenye shimo la mgodi wa urani uliofungwa zamani. Sumu yake haikuwa na rangi wala harufu, na hata ukiyachemsha mchana kutwa haikuondoka. Kwa hiyo yalipitishwa kwenye mabwawa matatu kabla ya kushuka mjini. Bwawa la kwanza lilijazwa magome ya miti na makapi ya mpunga, la pili lilikuwa la mwani. La tatu lilikuwa la alizeti, na hilo ndilo alilolipenda Bwana Mizizi. Alizeti mia sita zilisimama juu ya vyelezo vya plastiki, vichwa juani, mizizi ikining'inia majini kama ndevu za mzee. Mizizi ile ilinywa urani kama mtoto anavyonyonya. Siku ishirini na moja zikitimia, miche ilikatwa, ikakaushwa na kuchomwa, na majivu yake yakazikwa ndani ya mapipa ya chuma.

Haya yote aliyaeleza fundi wa pampu, akitembea mbele ya Inspekta kwenye njia ya mbao, na macho yake yalikuwa mekundu. Fundi alikuwa ameoa dada wa marehemu. Tangu asubuhi alikuwa amekwisha pika chai ya watu wote, askari kwa mlinzi, na kikombe kimoja alikipitisha chini ya geti kwa mkewe, aliyekuwa ameketi chini kule nje katikati ya umati, kanga kichwani, hasemi na mtu.

"Pole kwa msiba, fundi."

"Tumeshapoa, mama. Shemeji alikuwa zaidi ya ndugu. Mimi nilimleta hapa, miaka sita iliyopita. Wakati huo mji ulikuwa unamcheka. Eti maua yatatuponya!"

Inspekta alipoingia eneo la mabwawa, Fundi alimpa ovaroli na buti za manjano, na akambandika kifuani beji ndogo yenye kipande cha filamu ndani. Filamu hiyo, alimwambia, hunasa mionzi yote anayoipata mwenye kuivaa, na mwisho wa mwezi husomwa. Haiondoki kifuani mpaka mtu anapotoka, ndipo hutundikwa kwenye msumari wake katika chumba cha pampu.

Inspekta aliinama ukingoni kutazama mahali maiti ilipoelea. Beji ikaning'inia. Kabla haijagusa maji, mkono wa Fundi ulikuwa umekwisha ikinga kwa chini, haraka kama mtu anayedaka yai.

"Beji, mama! Isilowe. Ikilowa, mwezi wako mzima umepotea."

"Ahsante, mwanangu."

"Ah, ni mazoea tu. Hata ndotoni huwa nawagombeza watu."

Inspekta alitabasamu. Alikuwa mtu wa kutunza moyoni wema wowote aliotendewa, hata ule mdogo, na huu nao akautunza.

Alinyanyua chelezo kimoja. Chini yake kilining'inia kibati kilichochorwa kwa msumari: siku ya kumi na tisa. Akawasha kipima mionzi alichopewa na Meneja, akakisogeza kwenye mizizi. Kililia tik. Kikanyamaza. Tik. Akasogeza kwenye chelezo cha pili, cha tatu. Ni vile vile, kama bomba linalovuja tone kwa tone.

"Tumshukuru Mungu," alisema Fundi. "Misafi. Hata ukiishika kwa mkono haikudhuru."

Jiwe likapita juu ya vichwa vyao, likatumbukia majini. Alizeti zikainama zote, zikainuka.

*

Meneja alikuwa amejificha nyuma ya meza yake, na vioo vya dirisha vimemwagika hadi kwenye karatasi zake. Shingoni alikuwa na mkwaruzo mrefu, mbichi.

"Umekwaruzwa na nini?"

"Paka."

"Paka ana jina?"

"Inspekta, sasa hivi wananipigia mawe, wewe unaniuliza jina la paka?"

"Juzi ulisikika ukigombana na marehemu."

"Tuligombana. Alitaka nifunge maji ya mji mzima, leo leo. Namuuliza sababu, ananiambia ana wasiwasi na mizizi yake. Wasiwasi! Watu wametoka kwenye ukame wa mabomba wa wiki mbili, Fundi ndio kwanza kawarudishia maji, wanamwimbia njiani. Halafu mimi nikafunge tena kwa sababu mtu ana wasiwasi na maua?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Na mke wangu, na mama mkwe, ambaye siwezi kunyanyuka kwenye kiti bila yeye kuniuliza nakwenda wapi. Muulize. Atakuambia mpaka idadi ya chafya zangu."

Koplo aliegemea mlango, akanong'ona kwa sauti ambayo hata nje ingesikika: "Afande, huyu niachie dakika tano."

"Chumba cha pampu kina funguo ngapi?" Inspekta aliendelea, kana kwamba hakusikia.

"Mbili. Mmoja mimi, mmoja Fundi. Kinafungwa saa kumi na mbili jioni, kinafunguliwa saa moja asubuhi."

"Na beji yako iko wapi?"

Meneja alijipapasa kifua, akacheka kidogo kwa aibu. "Hizo ni za watu wa majini. Mimi sijawahi kuivaa tangu zilipoletwa. Labda buibui wanaivaa."

Nje kitu kizito kilipiga geti, na umati ukashangilia. Mlinzi alikuja mbio, kofia mkononi, paji la uso likitiririka damu.

"Mama, wameleta gogo. Wanabomoa! Wanasema mkiwapa Kimya, wengine hawatawagusa."

"Waambie nakuja."

"Wananisikia basi? Nimewasalimia tu, wakanipiga!"

*

Kimya alikuwa kwenye kibanda cha zana, amefungwa pingu kwenye nguzo. Mdomo ulikuwa umevimba kama embe lililopondeka, na damu ilikuwa imekauka kwenye ndevu zake. Miaka kumi na mitatu aling'oa mimea kwenye mabwawa ya watu mbalimbali, na neno alilitoa pale tu kazi ilipolidai. Inspekta alikaa chini mbele yake, kwenye sakafu, akampa maji ya chupa kutoka kwenye mkoba wake. Akamshikia chupa mwenyewe, kwa sababu mikono yake ilifungwa.

"Ahsante kwa sweta," alimwambia.

Kimya alimwangalia. Hapo ndipo macho yake yalipojaa.

"Alikuwa peku," alisema. "Buti zilijaa maji, zikazama. Yeye miguu yake ilikuwa na baridi siku zote."

"Ulimkuta saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Huwa nahesabu vyelezo kabla chumba cha pampu, penye beji, hakijafunguliwa."

"Nimevipima vyelezo vyako. Fundi anasema tumshukuru Mungu, mizizi ni misafi."

Kimya aliruka kwa nguvu hata pingu ikalia kwenye nguzo. Koplo, mlangoni, alinyanyua ngumi, na Inspekta akamzuia kwa kidole kimoja.

"Misafi?" alisema Kimya. "Siku ya kumi na tisa?"

"Tik, halafu kinanyamaza. Tik."

"Mama, mizizi ya siku kumi na tisa inalia kama mvua kwenye bati! Hatuishiki. Tunakata kwa panga la mti mrefu." Alimeza damu. "Mizizi ikiwa misafi si habari njema. Ikiwa misafi, haijanywa."

Inspekta alikaa na neno lile. Lilikuwa jepesi, hata mtoto angelielewa, na ndiyo maana wote walilipita. Wote walikisikiliza kile kipimo kama mtu asikilizavyo mbwa mkali: kikinyamaza, wanapumua. Lakini kazi ya mizizi hii ilikuwa kuchafuka. Kama haikuchafuka, basi sumu haikupita kwake. Na kama haikupita kwake...

"Maji yanapita wapi?" aliuliza.

"Kuna bomba la pembeni. Lilitumika wakati wa kujenga. Linaruka bwawa la tatu, linakwenda moja kwa moja mjini. Valvu yake iko chini ya kifuniko cha chuma, nyuma ya chumba cha pampu. Haina usukani. Inafunguliwa kwa spana ndefu, ya kusimama."

"Mdomo wa hiyo spana ukoje?"

Kimya alichora kwa kidole cha mguu kwenye vumbi la sakafu. Alichora mraba.

"Na maji ya mwisho, yanayotoka kwenda mjini, nani anayapima?"

Kimya aliufuta ule mraba kwa unyayo. Alikuwa ameelewa, na alikuwa anatamani asielewe.

"Fundi," alisema.

Inspekta akasimama, magoti yakilia. "Mfungue," alimwambia Koplo.

"Afande, kule nje wakimwona..."

"Mfungue. Halafu umwombe radhi, utakapopata nafasi."

*

Chumba cha pampu kilinguruma hata sakafu ikatetemeka chini ya buti. Pampu mbili za kijani, katikati sumpu, shimo la kukusanyia maji, na ukutani ubao wenye misumari tisa, kila msumari na namba yake. Fundi alikuwa anapangusa pampu kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayepangusa uso wa mgonjwa.

Inspekta aliwaacha Koplo na Kimya mlangoni, akaenda kwanza kwenye ubao. Msumari wa kwanza, wa Meneja: beji imefunikwa na utando wa buibui. Wa pili ulikuwa mtupu, maana Fundi alikuwa ameivaa yake. Msumari wa tatu ulikuwa wa Bwana Mizizi.

Beji yake ilikuwa pale. Imetundikwa sawasawa, uso mbele. Inspekta aliigusa kwa kucha. Ilikuwa kavu.

"Fundi," alisema, akipaza sauti juu ya mngurumo. "Shemeji yako aliuawa akiwa na ovaroli yake ya kazi. Akaingia majini na kila kitu chake. Beji yake imefikaje hapa?"

Fundi aliendelea kupangusa.

"Aliyempiga aliivua kabla hajamsukuma majini. Jambazi wa kutoka nje asingejua hata ni kitu gani. Kimya alikuwa hapa saa kumi na mbili, chumba kimefungwa, hana ufunguo. Wenye ufunguo ni wawili. Mmoja hajui beji inavaliwa upande gani." Aliigusa beji iliyokuwa kifuani pake. Alipoendelea, sauti yake haikuwa ya kushtaki. "Mwingine, leo asubuhi, aliidaka yangu kabla haijalowa. Nilifurahi sana, fundi. Mpaka sasa hivi nilikuwa nafurahi."

Kitambaa kilisimama.

"Yalikuwa mazoea tu," alisema Fundi.

"Najua."

"Mkono ulijiendea wenyewe. Nimekwisha mpiga, amelala pale, na mkono unaniambia beji isilowe." Aligeuka. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, kama nyumba iliyong'olewa mlango. "Mizizi iliziba wavu, mama. Pampu zilikuwa zinaungua. Mji mzima unanitukana, na mke wangu anatukanwa kisimani. Nikasema nifungue bomba la pembeni siku mbili tu, wavu mpya ufike. Maji yakatoka. Watu wakanibeba juu juu! Siku mbili zikawa tisa. Juzi shemeji akanyanyua chelezo."

"Akakuambia nini?"

"Alinipa mpaka jana jioni nikaseme mwenyewe. Hakunitaja kwa mtu, hata kwa Meneja. Jana akaniambia, shemeji, muda umekwisha, kesho napiga king'ora." Kutoka nje gogo liligonga geti, na Fundi akaonyesha upande ule kwa kidevu. "Unawasikia? Hao wangenichoma moto nikiwa hai. Hao hao walionibeba."

"Kwa hiyo ukawapa Kimya."

"Sikuwapa! Walimchukua wenyewe!"

Hapo macho yake yakahama, na Inspekta aliona yalikokwenda: nyuma ya pampu ya pili, ambako spana ndefu ya chuma ilisimama kama fimbo, ikisubiri. Alipofungua mdomo kupiga kelele, Fundi alikuwa amekwisha ishika.

Pigo la kwanza lilikata hewa pale kichwa cha Inspekta kilipokuwa, likapasua saa ya presha ya pampu, na vioo vikaruka. Inspekta akateleza, akaanguka ubavu. La pili lilikuja kutoka juu, mikono miwili, lile lile lililommaliza Bwana Mizizi. Lakini Koplo alikuwa ameingia katikati, mkono wa kushoto juu. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Koplo alinguruma, na hakurudi nyuma hata hatua moja. Alimkamata Fundi kola kwa mkono uliobaki, akamgonga paji kwa paji, mara moja, mara mbili, damu ikawarukia wote. Wakaanguka pamoja kwenye sumpu. Fundi aliibuka juu, akamkandamiza Koplo kichwa chini ya maji, akimkalia, akilia kwa sauti, na mapovu yakapanda.

Inspekta aliokota spana kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri. Hakuilenga kichwa. Aliishusha begani, kwa nguvu zote za mwili wake mfupi, na bega likashuka.

Kimya ndiye aliyeruka ndani ya sumpu na kumtoa Koplo. Alimlaza ubavu, akampiga mgongo mpaka maji yakamtoka. Kisha akachana shati la Koplo mwenyewe, akamfunga mkono uliovunjika shingoni, kwa fundo lile lile wanalofungia vyelezo. Koplo alimtazama ule mdomo aliompasua, akataka kusema kitu, kikohozi kikamshika.

"Baadaye," alisema Kimya. "Pumua kwanza."

*

Waliifunga valvu kabla ya kitu kingine chochote. Kifuniko kilikuwa kimefunikwa kwa magunia, na chini yake bomba lilikuwa baridi, likitetemeka kwa maji yanayokimbia. Fundi, mikono imefungwa pingu mbele, bega limening'inia, ndiye aliyeelekeza idadi ya mizunguko, na Kimya ndiye aliyezungusha. Saba na nusu. Bomba likatulia. Kule nyuma, kwenye bwawa la tatu, maji yakaanza kusogea kati ya vyelezo, na Inspekta, aliyebaki na kipima mionzi mkononi, aliona vichwa vya alizeti vikigeuka taratibu kwa mkondo.

Wakati huo huo mnyororo wa geti ulikatika.

Waliingia kama ukuta uliobomoka, wanaume kwa wanawake, mawe mikononi, fimbo, dumu moja la petroli. Inspekta alikwenda kuwapokea. Miwani yake ilikuwa na kioo kimoja tu, na ovaroli imelowa damu ya watu watatu. Labda ndiyo iliyowasimamisha.

"Kimya hakuua mtu!" alipiga kelele. "Kimya alimtoa marehemu majini. Nisikieni vizuri, maana sitarudia. Maji ya bomba, kuanzia sasa, hakuna kunywa wala kupikia. Kwa siku tisa hayajasafishwa. Bwana Mizizi aliligundua, na ndilo lililomuua!"

Watu wakatazamana, kila mmoja akikumbuka kikombe chake cha asubuhi. Kisha mtu akauliza, na sauti ilikuwa ya chini: "Nani?"

Hakuna aliyehitaji kujibu. Fundi alikuwa amesimama pale na pingu.

Nyuma yao, nje ya geti, mke wake aliinuka kutoka chini. Asubuhi nzima mawe yaliporuka, yeye hakurusha hata moja. Alikuja mpaka mbele, bado ameshika kile kikombe cha chai.

"Baba watoto," alisema. "Ni kweli?"

Fundi aliangalia miguu yake.

"Chai hii umeipikia maji gani?"

Mwanamke alimimina chai chini, kikombe akakiweka taratibu, kisha akaokota jiwe, akamtupia mumewe kwa mkono ambao haujawahi kutupa jiwe maishani. Lilimpata juu ya jicho. Damu ikamwagika, ikashuka shavuni, ikafika shingoni. Na umati wote ukanyanyua mikono.

Fundi aliinua pingu zake. Kila mtu alidhani anajikinga kichwa. Alifunika beji.

Alisimama hivyo, uso wazi kwa mawe, viganja viwili kifuani, damu ikidondoka juu ya vidole vyake badala ya kudondoka kwenye kile kipande cha filamu. Kimya akatembea. Akasimama mbele yake, mgongo kwa umati ule uliotaka kumuua yeye saa nzima iliyopita. Jiwe moja lilimpiga kwenye bega, na lilikuwa la mwisho. Hakuna aliyeweza kurusha la pili kwa Kimya, si baada ya asubuhi ile.

Alivibandua vidole vya Fundi, kimoja kimoja. Akaifungua pini, akaipangusa beji kwenye suruali yake mpaka ikakauka, akampa Inspekta.

"Msumari wa pili, mama," alisema.